Kabla Hujashuka Nyegezi: Mwongozo Kamili wa Kuijua Mwanza na Watu wa Ziwa Ungali Nyumbani

Nyumba yetu iko Igoma, na kwa miaka mingi imekuwa kituo cha ndugu na marafiki wanaokuja Mwanza kwa mara ya kwanza. Wengi hutoka Dar es Salaam, Tanga na Unguja, wengine Mombasa na Nairobi. Wote wanajua Kiswahili, baadhi yao wana damu ya huku, na bado nawaona wakitumia siku nne kati ya tano kushangaa mambo ambayo wangeyajua kwa jioni chache za kujiandaa. Siku ya tano macho yanaanza kuona, na siku hiyo ndiyo ya kukata tiketi ya kurudi. Nimeandika mwongozo huu ili kuziokoa zile siku nne.

Jipe wiki tatu. Utahitaji daftari, kalenda inayoonyesha mwezi unapoandama, na mtu mmoja wa huku wa kumpigia simu. Kama humjui mtu yeyote Mwanza, nenda sokoni kwenu ukamtafute mama anayeuza dagaa wa Mwanza. Dagaa wale hawakufika hapo wenyewe. Wengi wao wamepitia soko la Mwaloni, Kirumba, na yeye au aliyemuuzia ana mtu anayempigia simu kila wiki kuuliza bei. Nunua dagaa wake, msalimie vizuri, mweleze safari yako. Nimeona wageni wakipata mwenyeji kwa njia hiyo.

Hatua ya kwanza: chora ramani kwa mkono wako

Ramani ya kwenye simu itakuonyesha njia ya kufika, lakini haitakufundisha nchi. Chukua ukurasa mzima wa daftari, uchore ziwa kama chungu kikubwa kisicho duara kamili. Juu, upande wa kaskazini, andika Uganda, na uweke alama Jinja, maana hapo ndipo Mto Nile unapotokea kwenda Misri. Kulia juu andika Kenya na mji wa Kisumu. Nusu yote ya chini ni Tanzania. Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya ziwa, Tanzania karibu nusu, na Uganda sehemu iliyobaki.

Sasa njoo ufukwe wa kusini, uweke nukta: Mwanza. Kutoka hapo chora ulimi wa maji unaoshuka kusini, mrefu na mwembamba. Hiyo ni Ghuba ya Mwanza. Mashariki ya jiji chora ulimi mwingine, mpana zaidi, unaoelekea upande wa Serengeti. Hiyo ni Ghuba ya Speke, na juu yake kuna kisiwa cha Ukerewe. Magharibi ya Ghuba ya Mwanza andika Sengerema, kisha Geita kwenye dhahabu, kisha Chato, na mbali zaidi Bukoba. Kaskazini mashariki, njia ya Magu na Lamadi, andika Musoma.

Ukishachora utaelewa jambo ambalo watu wa huku wameishi nalo maisha yao yote: Sengerema unaiona kwa macho ukiwa mjini Mwanza, lakini katikati kuna maji. Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Geita alipanga foleni ya kivuko Kigongo, akavuka hadi Busisi, na safari ya kuvuka pamoja na kusubiri ingeweza kumla saa mbili. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Chora mstari hapo Kigongo–Busisi. Ukikutana na mtu mzima wa Sengerema, muulize foleni ya kivuko ilikuwaje, kisha nyamaza usikilize.

Kama unakuja kwa basi kutoka Dar, weka alama pia Shinyanga, Misungwi na Usagara. Usagara ni njia panda: kushoto unakwenda darajani, mbele unaingia jijini kupitia Mkolani hadi stendi ya Nyegezi. Mabasi ya upande wa Musoma yana stendi yake Nyamhongolo. Mgeni anayemwambia mwenyeji “nitashuka stendi” bila kutaja ipi humsumbua mtu kuzunguka jiji zima.

Hatua ya pili: lisome ziwa kabla ya kusoma kitu kingine

Hapa nakuomba utulie, maana bei ya mboga, hali ya hewa, saa ya kuamka na hata tarehe ya arusi kwa watu wengi wa mwambao huu hutegemea maji.

Anza na ukubwa. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Rwanda na Burundi zote mbili zingeingia humo ndani na nafasi ikabaki. Lakini halina kina kirefu kwa ukubwa wake: sehemu ya chini kabisa ni mita 80 na kidogo tu, na wastani ni mita 40 hivi. Ziwa pana lenye kina kifupi hukasirika haraka. Upepo ukilipiga, mawimbi husimama kwa muda mfupi sana. Mtu wa pwani aliyezoea bahari huangalia maji yaliyotulia asubuhi akadhani ni bwawa. Tafadhali usifanye hivyo.

Pili, karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa kama hiyo hupotea kwa mvuke. Mito, hata Kagera ambao ndio mkubwa kuliko yote inayoingia, huleta sehemu ndogo. Ndiyo maana miaka ya mvua nyingi ziwa hupanda na kula fukwe. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, na nyumba, mialo na bustani vikafunikwa. Picha za ufukwe ulizoziona za zamani huenda zimepigwa mahali ambapo leo pana maji, au kinyume chake.

Tatu, uko juu. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku ubaridi hukufuata hadi kitandani, hasa kiangazi. Lete sweta. Watu wa Dar hawaniamini mpaka waombe shuka la pili.

Nne, jifunze samaki kwa majina yao ya huku. Sato ndiye wa heshima mezani. Sangara ni mkubwa, mnene, mwenye mafuta, na hakuzaliwa humu: aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980. Akala samaki wadogo tunaowaita furu, ambao walikuwa wa mamia ya aina zisizopatikana kwingine duniani, na nyingi zimetoweka. Wazee wa Kirumba bado wanawakumbuka furu waliokuwa wakichomwa kwenye vijiti. Sangara huyohuyo ndiye aliyeleta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni. Minofu husafirishwa nje, vichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki hapa kuwa kitoweo cha wasio na uwezo, na bondo lake, mfuko wa hewa ulio tumboni, huuzwa kwa bei inayoweza kushinda samaki mwenyewe. Ukiyajua hayo kabla, utakapopita mwaloni utaelewa kwa nini watu wanabishana kwa sauti kubwa juu ya kitu kidogo cheupe kilichoko kiganjani.

Kisha kuna dagaa. Hao huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai na sasa nyingi ni za umeme wa jua, wakawasha juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa imekomaa, mwanga wa taa hauna nguvu, na mitumbwi hulala. Kwa hiyo hapa kwetu mwezi una kazi: siku za giza mialo inachangamka, fedha inazunguka, vibanda vya chakula vinajaa. Siku za mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanarudi nyumbani visiwani na bara, wanafanya arusi na kulipa madeni. Fungua ile kalenda yako. Ukitaka kuona taa za wavuvi usiku zikiwa kama mji uliojengwa juu ya maji, panga ufike mwezi ukiwa haujaandama au umeandama punde. Ukija mwezi mpevu hutaona kitu, na hakuna mwenyeji awezaye kukusaidia.

Mwalo, kama hujalizoea neno hili, ni mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Mwaloni ni pale pwani ya ziwa penye soko, chumvi, harufu, mizani na ugomvi wa bei. Ingia kwa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usikanyage dagaa walioanikwa.

Hatua ya tatu: majina yanasema zaidi ya mabango

Wenyeji wa mwambao waliliita ziwa Nyanza, yaani maji mengi. Jina la Mwanza linasemekana limetoka humohumo. Waganda huliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Jina la Victoria lililetwa na Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kusini mwa ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akaliita kwa jina la malkia wake. Sikwambii uache kusema Ziwa Victoria, nami nasema hivyo. Nakwambia tu kwamba ukimtajia mzee jina la Nyanza, atakaa sawasawa kwenye kiti.

Kwa Kisukuma, neno sukuma ni upande wa kaskazini. Kusini ni dakama, mashariki kiya, magharibi ng'weli. Kwa hiyo Wasukuma ni watu wa kaskazini, jina linaloeleweka ukisimama kwa majirani na ndugu zao Wanyamwezi walio kusini. Ndilo kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na nchi yao ni kubwa kuliko Mkoa wa Mwanza: inaingia Shinyanga, Simiyu, Geita, mpaka Tabora. Ng'wana maana yake ni “mtoto wa”. Ukisikia jina linaloanza na Ng'wana au Mwana, mtu anatajwa kwa mzazi wake, na vijiji vingi vinavyoanza na Mwa- vinabeba jina la mtu.

Lakini Mwanza haina Wasukuma peke yao. Kuna Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wazinza wa Sengerema, Wajita, Wajaluo, Wahaya, Wakurya, Waha, na familia za Kihindi zilizokaa mjini vizazi kadhaa. Usimwite kila mtu Msukuma. Mkerewe atakusahihisha kwa upole, lakini atakumbuka.

Mjini kuna majina yanayojieleza. Makoroboi ni pale mafundi walipotengeneza koroboi kwa mabati chakavu. Kisiwa cha Saanane kimebeba jina la mzee mvuvi aliyeishi hapo. Leo ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na unaiona ukiwa ng'ambo tu.

Na mawe. Miamba ya Mwanza ni matale, yaani mawe ya graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Mvua na joto vilikula udongo na kuyaacha yamekaa moja juu ya jingine. Watu wamejenga juu yake, chini yake na katikati yake, Mabatini, Isamilo, hadi mlima wa Bugando. Jiwe la Bismarck pale Kamanga ndilo linalopigwa picha na kila mtu, jina lake likitukumbusha Wajerumani waliojenga kituo chao hapa mwaka 1892. Mimi napenda zaidi mawe yasiyo na jina, yenye nguo za watoto zilizoanikwa jioni.

Hatua ya nne: miaka michache ya kuandika kwenye daftari

Sitakupa historia yote. 1892 nimeitaja. 1916 Waingereza waliutwaa mji. 1928 reli ilifika kutoka Tabora, na Mwanza ikawa mlango wa pamba. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vya ushirika vilivyokuwa miongoni mwa vikubwa barani Afrika. Bomani baadaye akawa waziri wa fedha. Timu ya Pamba, inayotajwa kwa hisia kali kila kijiwe cha kahawa, imebeba jina la zao hilo. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20. Kama huna la kuzungumza na dereva wa bodaboda, anzia hapo.

Tarehe moja uijue kwa moyo: 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imebaki karibu sana kufika Mwanza. Walikufa mamia ya watu. Wengi wamezikwa pamoja huku kwetu Igoma, na mnara wa kumbukumbu upo. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Huwezi kukaa na watu kumi wa mwambao huu usimkute mmoja aliyepoteza mtu. Kwa hiyo usifanye mzaha wa kuzama ukiwa melini, na usiulize habari hizo kama unayetafuta simulizi ya kusisimua. Mtu akikueleza mwenyewe, mpe pole.

Kwa upande wa Ukerewe nina pendekezo moja la kusoma, maana sijaona kinachokaribia. Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotafuta mtoto. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ndani yake utakuta namna ya kumpokea mkwe, kutengeneza pombe, kujenga, kuvua, kutibu. Soma hata kurasa hamsini tu kabla ya kuvuka kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe.

Hatua ya tano: salamu, na hapa usiharakishe

Rafiki yangu mmoja wa Dar nilimpeleka kwa bibi yangu, Magu. Ni kijana mwenye heshima, hakuwa na nia mbaya. Alishuka kwenye gari, akasema shikamoo huku anatembea, na kabla bibi hajamaliza marahaba akauliza kama simu inaweza kuchajiwa. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma kama mgeni huyu ameamka vizuri. Aliuliza kweli, kwa huruma. Kwake mtu anayekatisha salamu ni mtu mwenye tatizo.

Kwa Wasukuma salamu ina safari yake. Asubuhi ni mwangaluka, na unajibiwa mwangaluka. Mchana kuelekea jioni ni mwadila. Mama mtu mzima unamwongeza mayu, mzee unamwongeza baba: “Mwangaluka mayu.” Kisha inakuja mhola, yaani habari, amani, nawe unajibu mhola duhu, nzuri tu. Baada ya hapo huulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua. Huulizwa pia wewe ni wa nani na unatoka wapi, na hilo haliulizwi kwa udadisi wa polisi. Wanatafuta mahali pa kukuweka. Taja jina la baba yako, taja kwenu. Wasichana na wanawake wengi vijijini hupiga magoti wakimsalimu mkubwa. Mgeni hatalazimishwa, lakini kuinama kidogo na kusimama mahali pamoja mpaka salamu iishe kunatosha. Ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili na useme wabeja.

Maneno hayo matano, mwangaluka, mwadila, mhola, mhola duhu na wabeja, yaseme kila siku kwa wiki mbili. Mpigie mwenyeji wako akusahihishe sauti. Redio nayo inasaidia: Radio Free Africa hutangaza kutoka Mwanza na inapatikana kwa intaneti. Sikiliza matangazo ya salamu na vifo, uzoee majina ya vijiji na namna watu wanavyozungumza. Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo utasikia wazee wakiweka l mahali pake. Usicheke wala usimwige mtu.

Hatua ya sita: yavue uliyoyasikia

Mjini Dar es Salaam na kwenye vichekesho vya runinga, Msukuma ni mtu mshamba anayeshangaa ghorofa. Utani wa makabila ni mali yetu sote na una adabu yake: hufanywa na watani, kwa watu wanaojuana, na aliyetaniwa ana haki ya kurudisha. Mgeni wa siku mbili si mtani wa mtu. Wakulima hawa wamelilisha taifa mchele na mahindi, na pamba yao imejaza hazina ya serikali miaka mingi. Njoo ukijua hivyo.

Jambo la pili ni zito. Kanda yetu ilitajwa dunia nzima kwa mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe walioshutumiwa uchawi. Yalitokea, na yalituumiza. Kuna watu wenye ualbino wanaoishi, kusoma na kufanya biashara katikati yetu, na hawapendi kuangaliwa kama habari ya gazeti. Usilifungue mezani kwa watu uliokutana nao leo.

Hatua ya saba: chagua majira

Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na Juni hadi Septemba ni kiangazi. Vijijini wakati wa kilimo nyumba inakuwa tupu mchana, watu wako shamba au kwenye majaruba ya mpunga. Ukija wakati huo, kubali kushika jembe nusu siku, utajifunza kuliko wiki nzima ya kukaa kibarazani. Baada ya mavuno ndipo ngoma zinapotoka.

Kama nafasi yako ni moja tu, njoo Juni. Bujora, pale Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, kuna Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na padri David Clement kutoka Kanada pamoja na wazee wa huku. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma. Kabla ya kufika, jua kuwa wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, mgawanyiko uliotoka kwa wacheza ngoma wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani anavuta watu wengi zaidi. Ushindi haupimwi kwa majaji. Kundi linaloyavuta macho ya umati ndilo limeshinda, ndiyo maana utaona vituko, sanamu, moto, majembe yanayorushwa hewani na wacheza ngoma wa Bagobogobo, na nyoka mikononi mwa wale wa Bayeye. Uliza familia unayofikia ni ya upande gani kabla hujashangilia.

Hatua ya nane: jizoeze chakula

Wiki moja kabla ya safari, kula nyumbani kwako samaki chukuchuku bila nazi, na ugali. Mtu wa pwani hutafuta nazi siku ya kwanza, haipo, akadhani mapishi hayajakamilika. Yamekamilika. Sato aliyetoka majini asubuhi anahitaji chumvi, nyanya na ndimu tu. Ugali unaweza kuwa wa mahindi, wa muhogo au wa mtama, na rangi yake isikutishe. Utakutana na mlenda, na nsansa, ambayo ni majani ya mboga yaliyokaushwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi. Matobolwa vimechemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Usivichanganye mbele ya mama aliyeviandaa. Dagaa wa kubeba kurudi nao, chagua walioanikwa kwenye chanja, maana wa chini wana mchanga.

Afya, kwa ufupi lakini kwa msisitizo

Chandarua unakijua. Maji ya kunywa yachemshwe. Linalosahaulika ni kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea hupenya ngozi isiyo na kidonda chochote. Binamu yangu wa Pangani, muogeleaji hodari, aliruka majini siku ya kwanza na mimi sikumkataza. Alikuja kugundua miezi baadaye, akatibiwa kwa vidonge vya praziquantel, akapona. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo nalisema hili kabla ya kusema “karibu”. Usiogelee kando ya mialo, na kama ulilowa, nenda ukapimwe wiki kadhaa baada ya kurudi hata kama huumwi.

Visiwani panda chombo kilichosajiliwa, omba jaketi la kujiokolea na ulivae, usilikalie. Nansio unaweza kufika kwa meli kutoka Mwanza mjini, au kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya kisha kivuko cha kwenda Rugezi. Wavuvi wakisema leo hapafai, siku hiyo kaa.

Hatua ya mwisho: simu ya siku tatu kabla

Mpigie mwenyeji, msalimie kwa salamu ulizojifunza, kisha muulize haya na uandike majibu. Giza limeingia au mwezi umekomaa? Shambani wako kwenye kazi gani? Nani mkubwa wa nyumba, naye huitwaje na watoto wake? Upepo wa ziwa umekaaje wiki hii? Kuna msiba au arusi? Swali la mwisho ni la lazima. Kukiwa na msiba, mipango yako ya matembezi inasogea, na nafasi yako ya kwanza ni kwenda kukaa na waliofiwa, hata kama hukumjua marehemu.

Zawadi isikuumize kichwa. Sukari na khanga kwa bibi zinapokelewa kila nyumba. Kama unatoka pwani, lete nazi mbili na halua. Mama yangu husema nazi za dukani huku zimeshasahau mti.

Andika namba ya mwenyeji kwenye daftari pia, simu huzimika njiani. Kaa upande wa kushoto wa basi. Baada ya Misungwi mawe yataanza kujitokeza moja moja, kisha mengi, na ukishapita Usagara mwambie kondakta kwamba unashuka Nyegezi.